Kabla hujanunua kipima mionzi kwa hofu ya WhatsApp, pita hapa: nina kimoja Kigoma tangu 2013

Fundi wa Mwanga

Wakuu, salaam kutoka mwisho wa reli.

Mimi ni msomaji wa kimya humu ndani, ila leo imebidi nifungue uzi. Wiki iliyopita ile sauti ya WhatsApp ilinifikia kwenye magrupu manne kwa siku moja: eti mtambo wa nyuklia kule Ukraine umelipuka, wingu linashuka Afrika, mvua ikikunyeshea nywele zinanyonyoka. Hakuna kilicholipuka. Ila kesho yake asubuhi, sijamaliza hata chapati, watu watatu walikuwa wameshafika kibandani kwangu na swali moja: "Fundi, ile mashine yako ya mionzi unaiuza?" Wa tatu alikuja na tangazo kwenye simu, kipima mionzi, elfu arobaini na tano, mzigo upo Kariakoo. Nilipoiona picha nikataka kucheka. Nikajizuia, maana picha kama ile iliwahi kula hela yangu.

Hii mita yangu ilianza na balaa la watu wengine. Machi 11, 2011 Japani ilipigwa na tetemeko la 9.0, tsunami ikafuata, na vinu vitatu vya Fukushima Daiichi vikayeyuka ndani. Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, alikuwa huko kwenye yadi ya magari, haya haya tunayoagiza. Yadi ilikuwa mbali, mamia ya kilomita, lakini mama mdogo huku Ujiji alikuwa hali halali, kila simu ikiita anashika kifua. Dogo akaingia mtaani kutafuta mita. Zimeisha. Mtandaoni bei imepaa. Akaagiza hivyo hivyo, moja iliyotengenezwa Ukraine, ikamfikia baada ya wiki sita. Kufikia hapo ile aidini-131 iliyotoka vinuni, ambayo hupungua nusu kila baada ya siku 8, ilikuwa imebaki kama fungu moja la arobaini. Akaiwasha chumbani. Ikasoma 0.11.

Akakaa kitandani anaitazama. 0.11 ndiyo nini? Nyingi? Kidogo? Jana yake ilikuwa ngapi? Hakuwa na jana. Hela ya nusu mwezi imekwenda na namba isiyosema kitu, na anavyosimulia, usiku ule alilala vibaya kuliko kabla hajainunua. Aliporudi 2013 akaitupa mezani kwangu: "Kaka, kaa nayo wewe unayependa vidude."

Kwa hiyo neno langu ni moja. Mita ya mionzi inunue siku huna hofu. Ishi nayo, ujue kwako inasoma ngapi kiangazi na masika, ndani na nje, uandike. Siku ya ajali daftari ndilo litakalokusaidia kuliko mita.

Daftari langu linasema hivi, kwa maikrosiveti kwa saa, yaani kipimo cha mionzi anayopata mtu. Kibandani: kati ya 0.09 na 0.14. Nyumba ya tofali za kuchoma ya mama mdogo: 0.13 hadi 0.17, kwa sababu udongo una urani na thoriamu kidogo, madini yenye mionzi, tangu dunia iumbwe, na tofali ni udongo. Ndani ya boti, Kibirizi tumeiacha nyuma na chini ni maji matupu: 0.05. Maji yanaziba ya ardhini, kinachobaki ni cha angani na cha mita yenyewe. Kwenye ndege ya Dar ilipita 1 kamili, na abiria wa pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama hicho ni bomu. Tangu siku hiyo naiacha kwenye begi.

Sasa hili la kupigwa. Neno letu "mionzi" linabeba vitu viwili. Kuna mionzi ya mnara wa simu, rauta, jiko la maikrowevu. Na kuna mionzi ya nyuklia na eksirei, ile inayong'oa elektroni kwenye atomu za mwilini, ambayo wataalamu wanaiita mionzi ayonisha. Kifaa cha kupima moja hakijui nyingine kabisa. Mwaka juzi nikaagiza mita ya pili Kariakoo, tangazo limeandikwa kipima mionzi, na picha ya lile ua jeusi na njano, alama ya hatari ya mionzi, juu yake. Ikaja. Nikaisogeza kwenye rauta, ikapiga kelele kama king'ora. Nikaisogeza kwenye kisoksi cha karabai, kimya.

Kisoksi gani? Hapo ndipo watu wa Kigoma tuna bahati. Wavuvi wa dagaa kabla ya taa za sola walitumia karabai, na karabai ina kile kisoksi cheupe cha nyuzi unachokifunga, unakichoma, kinabaki majivu magumu yanayotoa mwanga mkali. Visoksi vya zamani vilitiwa thoriamu, kwa sababu ikipata moto inang'aa sana. Vingi vya siku hizi havina. Mimi nilikipata kimoja kwenye droo ya marehemu babu, kipya, kwenye pakiti yake iliyofifia. Mita ya dogo nikaiweka mezani: mapigo 19 kwa dakika. Nikaiweka juu ya pakiti: 340. Ile mlio wa tik, tik ukawa kama mahindi yanayokaangwa.

Basi hicho ndicho kipimo changu cha mita ya mtu. Ikishindwa kushtuka hapo, mwenye nayo amenunua mdoli. Lakini pakiti usiifungue, ule unga ukiuvuta kifuani ndipo balaa lilipo.

Maswali leteni, nipo.

Kijana wa Gungu

Siti ya mbele kabisa 🙋🏾

kbx_77

Mkuu si kuna app ya simu ya bure? Mimi ninayo, inasoma 0.18 sasa hivi, ina na sauti.

Fundi wa Mwanga

@kbx_77 iweke simu kwenye kisoksi, halafu iweke kwenye kiazi. Ikisoma sawa ujue inakuchekesha. App nyingi ni mchezo, namba zinatungwa. Kuna chache za kweli zinazotumia kamera iliyozibwa isiingize mwanga, lakini kamera inaona mionzi mikali sana tu. Hii ya kawaida ya ukutani kwako haiwezi kuiona.

Mnyamwezi wa Ipuli

Fundi nimefurahi kuuona uzi huu maana nina jambo linaninyima raha. Niko Tabora. Nilinunua kimita cha Kichina miezi mitatu iliyopita. Nyumbani kinasoma 0.20 mpaka 0.22. Juu ya jabali moja kubwa la nyuma ya uwanja kimewahi kugusa 0.31. Nimesoma kwamba Japani baada ya Fukushima sehemu ikifika 0.23 wanakuja kukwangua udongo wote na kuuweka kwenye mifuko. Sasa mimi nipo 0.22! Nihame? Mke wangu ameanza kuniangalia vibaya kila nikitoka na kidude usiku.

Fundi wa Mwanga

@Mnyamwezi wa Ipuli usihame kaka, na shemeji ana haki yake.

Hiyo 0.23 imetesa watu wengi, hata dogo wangu ilimtesa. Walivyoipata ni hivi. Serikali ya Japani ilitaka mwananchi asipate zaidi ya milisiveti 1 (maikrosiveti 1,000) kwa mwaka YA NYONGEZA, juu ya asili. Wakakadiria mtu anakaa nje saa 8 na ndani saa 16, na nyumba inazuia kiasi. Hesabu ikatoka 0.19 kwa saa. Wakajumlisha 0.04 ya ardhi yao ya asili. Jumla 0.23. Kwa hiyo namba ile ni ya kwao, imeshonwa kwa ardhi yao. Wewe umekaa juu ya mawe ya matale (graniti), na matale duniani kote yana urani, thoriamu na potasiamu zaidi ya mchanga. Wastani wa dunia wa mionzi ya asili kwa miaka mingi umekadiriwa kama milisiveti 2.4 kwa mwaka, na wapo wanaoishi maisha yao yote kwenye zaidi ya hapo.

0.22 yako ndiyo jana yako. Iandike. Siku ikisoma 0.60 mahali pale pale, meza ile ile, wiki nzima, hapo nipigie.

Mwalimu wa Kasulu

Fundi amejibu vizuri, niongeze moja la darasani. Hivi vimita vinahesabu mapigo. Ndani kuna mrija wa gesi wenye umeme wa kama volti 400. Mionzi ikipenya, gesi inapitisha umeme kufumba na kufumbua, ndiyo ile tik. Mapigo yanakuja yanavyotaka. Dakika hii 20, inayofuata 14, nyingine 27, na hakuna kilichobadilika. Kanuni yake: ukihesabu mapigo 20, kosa la kawaida ni kama 4 na nusu, yaani zaidi ya asilimia 20. Ukihesabu 400, kosa ni 20 tu, asilimia 5. Kwa hiyo ukisoma kwa sekunde kumi na kukimbilia grupu la familia, umetangaza bahati nasibu. Acha mita itulie dakika 20, ndipo uandike.

Na usiamini sana maikrosiveti zinazoonekana kwenye kioo. Mita inazidisha mapigo kwa namba iliyopangwa kiwandani kwa sesiamu-137 au kobalti-60, vitu vyenye mionzi vinavyotumika kupimia mita. Kwenye thoriamu ya karabai au mbolea, zile siveti ni makadirio. Mapigo ndiyo ukweli wake.

Mnyamwezi wa Ipuli

Umetaja mbolea mwalimu! Hapo ndipo nilipokuwa nakuja. Kuna mfuko wa mbolea ya tumbaku stoo, kimita juu yake mapigo yakawa karibu mara mbili ya mezani. Nikamtoa mpaka mbuzi.

Mwalimu wa Kasulu

Hiyo mbolea ina potasiamu nyingi, na sehemu ndogo ya potasiamu yote duniani, ya ndizi, ya maharage, ya mwilini mwako, ni potasiamu-40 ambayo ina mionzi. Wewe mwenyewe unavunja atomu elfu nne na ushee kila sekunde hapo ulipokaa. Mfuko wa kilo 50 una potasiamu ya kutosha kimita kikaiona. Mbolea ya mawe ya fosfati nayo hubeba urani, ya Minjingu inajulikana kwa hilo kwenye tafiti. Mrudishe mbuzi, ila asilale juu ya mfuko, mbolea ni sumu akiila.

Mama Dagaa Kibirizi

Habari zenu wanangu. Mimi hayo mahesabu siyawezi. Mteja wangu wa Dar ameniuliza kama dagaa wa ziwa wana mionzi, kasikia Kongo kuna urani inamwagika ziwani. Gunia kumi na mbili zimekaa. Fundi nikikuletea dagaa utanipimia nimtumie picha?

Fundi wa Mwanga

@Mama Dagaa Kibirizi shikamoo mama. Nitakupimia na chai nitakunywa, lakini sitakudanganya: picha ile haitathibitisha kitu. Na wanaouza hizi mita wangesema hili, wangeuza chache.

Japani tangu Aprili 2012 kikomo cha sesiamu kwenye chakula cha kawaida ni bekereli 100 kwa kilo, yaani atomu 100 zikivunjika kila sekunde kwenye kilo nzima. Ndizi za kawaida tu zinafika 120 hivi kwa kilo kwa potasiamu yake, na mita yangu nikiilaza juu ya mkungu haitikisiki. Sasa kama haioni 120 itaionaje 100? Chakula kinapimwa maabara, sampuli inasagwa, inawekwa ndani ya mtungi mzito wa madini ya risasi ili mionzi ya ukutani isiingie, kinaachwa muda mrefu, na mashine inatambua ni sesiamu au ni potasiamu. Kwetu kazi hiyo ni ya Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC. Mteja anayetaka karatasi, karatasi inatoka huko.

Na hilo la Kongo: urani ya Shinkolobwe, ile Wamarekani waliyotumia kwenye mabomu ya 1945, iko Haut-Katanga, mbali kusini magharibi. Haipo Kalemie, ufukweni mwa ziwa upande wa Kongo.

Mama Dagaa Kibirizi

Marahaba mwanangu. Haya nitamwambia asubiri au aende akale samaki wa Feri.

Ticha_Mstaafu

Mimi nauliza kuhusu mvua. Ile sauti ilisema mvua. Jirani yangu ana kimita, mvua ilipokata Jumanne akakitoa nje, akaja mbio, kimepanda kweli. Mimi nilikuwa wa kwanza kucheka sauti ile, sasa sicheki.

Fundi wa Mwanga

@Ticha_Mstaafu mzee wangu nilikuwa naliombea swali hili lije.

Mvua INAPANDISHA. Kila masika, tangu enzi za Mirambo na kabla yake. Ardhini inatoka gesi ya radoni, inapaa, angani inageuka kuwa vumbi dogo dogo lenye mionzi, na mvua inalifagia lote chini kwa mkupuo. Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilitetemeka. Mvua kubwa ya Novemba ilinyesha baada ya ukame, nikafuta paa la bajaji ya jirani kwa tishu moja, nikaikunja, nikaiweka juu ya mita. Kutoka 20 ikaenda 95. Nikaufunga mlango wa kibanda, sijui nilikuwa namzuia nani.

Halafu nikafanya kitu kimoja cha akili, nikaandika saa. 10:40 mapigo 95. 11:10 mapigo 60 hivi. 11:45 mapigo 38. 13:00 (saa 7 mchana) imerudi 21, tishu imekauka, mwenye bajaji anauliza mbona nimemkodolea macho.

Hiyo ndiyo tofauti. Uchafu wa radoni kwenye mvua unapungua nusu kila baada ya nusu saa hivi. Wa ajali ya kinu haufanyi hivyo: aidini siku 8, sesiamu-134 miaka 2, sesiamu-137 miaka 30. Kwa hiyo ukipata tishu inayolia, usipige simu. Isubiri. Ikiwa saa nne baadaye bado inalia vile vile, hapo una habari. Mwambie jirani yako arudie mvua ijayo na tishu na saa ya ukutani.

Kijana wa Gungu

Aisee hii ya tishu naifanya kesho. Nina mashaka na bajaji ya bosi wangu kwa sababu zingine lakini 😂

Mpambanaji_Reli

Mkuu mimi ni dalali wa magari. Wateja bado wanauliza: IST ya Japani si ina mionzi?

Fundi wa Mwanga

Swali la haki mwaka ule. 2011 forodha ya Urusi pale Vladivostok ilizuia magari yaliyotumika kutoka Japani yakiwa na mionzi juu ya kiwango, na bandari za Japani zenyewe zikaanza kupima magari yanayotoka. Ukitaka kujiridhisha pima pale vumbi linapoganda: chujio la hewa, mapezi ya rejeta, chini ya waipa. Kipimo cha kwanza kichukue mita kumi kutoka kwenye gari, cha pili kwenye gari, vyote dakika 20. Mimi nimepima kama thelathini, sijapata hata moja. Nimepata odomita zilizorudishwa nyuma, nyingi.

Mjukuu wa Uvinza

Na chumvi? Babu anasema chumvi yetu ya madini joto inazuia mionzi, tuwekeze gunia.

Mwalimu wa Kasulu

Machi 2011 Wachina walivamia maduka ya chumvi kwa habari hiyo hiyo. Madini joto ndiyo aidini, lakini kidonge cha kweli cha kukinga aidini-131, cha mtu mzima, ni miligramu 130 za iodidi ya potasiamu. Kuifikia kwa chumvi ya mezani ungekula kilo kadhaa kwa siku moja, na chumvi ndiyo itakayokuua. Kidonge chenyewe kinajaza tezi ya shingoni ili aidini-131 ikose nafasi. Sesiamu hakiizuii, wala mionzi ya nje. Na kinamezwa serikali ikisema, sababu kikichelewa hakina kazi. Kinu cha umeme wa nyuklia kinachofanya kazi Afrika ni kimoja tu, Koeberg, karibu na Cape Town. Wewe wa Uvinza kidonge cha nini?

kbx_77

Sasa kama kinu kiko Cape Town na mvua ni radoni na dagaa hazipimiki, hii mita ya nini Kigoma? Si bora hiyo laki ninunue betri ya sola.

Fundi wa Mwanga

Nunua betri, sikukatazi. Lakini nikusimulie kwa nini mimi siiuzi yangu.

Mwaka mmoja alikuja mtu jioni, kapakiwa na mwenzake kwenye pikipiki, ana kopo la maziwa ya unga limezungushiwa bati la risasi na gundi. Anasema ni urani, imevushwa ziwa. Kuna mnunuzi yuko gesti, anataka ipimwe mbele yake, nikipima na ikasoma nina fungu langu. Mnajua hii biashara, ni utapeli, dada yake na ule wa zebaki nyekundu kwenye televisheni za zamani. Nikasema hewala, weka mezani. Akaweka. Nikavuta kiti, nikainama, nikafungua droo, nikatoa mita, nikaiwasha, nikasubiri ianze kuhesabu.

Ikasoma 18. 22. 17. Hakuna kitu, au risasi imeficha. Nikawafukuza.

Usiku nikiwa kitandani ndipo jasho lilinitoka. Nilikuwa nimeinamia kopo DAKIKA NZIMA kabla ya kuwasha mita. Je, ingekuwa kweli?

Mwalimu wa Kasulu

Fundi umekiri mwenyewe, sasa wacha nikuchape kwa kisa.

Septemba 1987, mji wa Goiânia, Brazil. Kliniki ilihama, ikaacha mashine ya kutibu saratani kwenye jengo bovu. Vijana wawili wakaichomoa kwa ajili ya chuma chakavu, wakaiuza. Ndani kulikuwa na unga wa sesiamu-137 unaotoa mwanga wa bluu gizani. Mwenye yadi akaona ni kitu cha thamani, akawagawia ndugu na marafiki. Wakajipaka. Watoto wakachezea. Kutapika kukaanza, wakadhani ni chakula. Mke wa mwenye yadi ndiye aliyeshtuka: akatia kile chuma kwenye mfuko wa kubebea, akapanda nacho basi mpaka ofisi ya afya, kikawekwa mezani kwa daktari.

Kesho yake, Septemba 29, mwanafizikia mmoja akaombwa aje kuangalia. Akaazima mita kwenye ofisi ya watafuta urani. Akaiwasha akiwa bado njiani, mbali na jengo. Mshale ukagonga mwisho. Akaigeuza huku, mwisho. Kule, mwisho. Akasema mita imeharibika, akarudi kuibadilisha. Ya pili nayo ikagonga mwisho, na alipofika akawakuta zimamoto wanajiandaa kukitupa kile kitu mtoni. Akawazuia. Watu 4 walikufa, 249 walikutwa na uchafu wa mionzi mwilini, zaidi ya 112,000 walipimwa.

Mtu yule alikosea kudhani mita mbovu, lakini alifanya jambo ambalo wewe hukufanya: aliiwasha MBALI.

Fundi wa Mwanga

Nimechapika mwalimu. Sasa nafanya hivi: chuma chakavu chochote kizito kupita umbo lake, chenye alama ya lile ua la njano au hata bila alama, mita inawashwa nikiwa mlangoni, nasogea nayo mbele yangu kama mtu na tochi. Ikipanda mara tatu ya kawaida naishia hapo, narudi nyuma, nafukuza watoto, napiga polisi na TAEC. Sigusi, sifungui, siuzi. Kukaa na kitu cha namna hiyo bila kibali ni kosa kisheria hata kama umekiokota. Na hapa kwetu chuma chakavu kinapita kila siku, cha meli, cha reli, cha ng'ambo. Hiyo ndiyo kazi ya mita Kigoma, @kbx_77.

Halafu jambo lingine la kuogopa: mita hizi zina kipeo. Mionzi ikiwa mikali kupindukia, mrija unapaliwa, na baadhi zinashuka mpaka sifuri badala ya kupanda. Kinu cha Chernobyl kilipolipuka, Aprili 26, 1986, vipimo vilivyokuwa mkononi mwisho wake ulikuwa roentgen 3.6 kwa saa (kipimo cha zamani cha mionzi). Vikagota hapo, na ripoti zikaenda juu zikisema 3.6. Mita iliyokuwa inalia ikinyamaza ghafla unaposogea, usishukuru Mungu, kimbia.

Mpambanaji_Reli

Haya mkuu tupe sasa, ninunue ipi?

Fundi wa Mwanga

Sina duka la mita, kwa hiyo nasema bila kuvuta upande. Za Kichina za mrija mmoja, ukiagiza mwenyewe kwa wakala wa mizigo, zinaanzia laki na ushee hadi laki mbili na nusu. Zinatosha kwa daftari. Uliza mrija gani: J305 ni wa kioo, SBM-20 ni wa chuma wa Kisovieti, yote inaona mionzi ya gama na beta kali, haioni ile ya alfa. Ukitaka na alfa, tafuta yenye mrija bapa wenye dirisha la mika, bei inaruka na dirisha lenyewe ni jembamba kama ganda la kitunguu, ukiligusa kwa kidole umeua mita. Zenye kristali kama Radiacode zinakimbilia laki saba na kwenda juu, ila hizo zinakuonyesha ni sesiamu au ni thoriamu, na hapo ubishi unakwisha.

Hilo la kutambua si la anasa. Oktoba 2011 mkazi wa Setagaya, Tokyo, alikuta kando ya barabara inasoma karibu 2.7. Mji mzima ukashika kichwa, Fukushima imefika. Walipochimbua, ni chupa za radiamu za zamani chini ya sakafu ya nyumba moja, zimekaa hapo miongo kadhaa. Kama mtu angekuwa amepima mtaa ule 2009 wangejua siku ile ile.

Jitahidi iwe ya betri za kawaida, umeme wetu mnaujua. Ikitoka kwenda kazini, kwa nje ivalishe nailoni nyepesi, uchafu ukishika mita yenyewe kila mahali itasoma hatari. Basi.

Mnyamwezi wa Ipuli

Fundi taarifa. Nimefungua daftari. Siku tatu, dakika 20 kila saa 12 jioni: 0.21, 0.20, 0.21. Mke kaandika ya leo yeye mwenyewe, mimi nilichelewa kazini.

Mama Dagaa Kibirizi

Fundi mwanangu, juzi sikulala. Nimepekua stoo ya marehemu mume wangu. Nimekuta boksi la visoksi vya karabai, pakiti kama ishirini, na kimoja kimeshachanika unga umemwagika kwenye kona. Nifagie? Nichome?

Fundi wa Mwanga

Mama usichome na usifagie kavu, vumbi litapanda. Fungua dirisha, funga kitambaa puani, ufute kwa tambara bichi, tambara hilo na kile kilichochanika viingie kwenye kopo lenye mfuniko, ufunge, unawe mikono na sabuni. Mfuko wa plastiki tumenyimwa, kopo la rangi linatosha. Hizo pakiti nzima hazitakudhuru zikikaa stoo, watoto tu wasizichezee. Nitampigia mtu wa TAEC nimuulize boksi zima tulipeleke wapi, na Jumamosi nakuja na mita nipime ile kona baada ya wewe kufuta.

Mama Dagaa Kibirizi

Sawa. Njoo kabla ya saa nne, boti zikishaingia sitakuwa na nafasi. Na hiyo mita uiwashe tangu barabarani, nimemsoma mwalimu.